Dawa za chunusi si vipodozi, hugusa ini na homoni

CHUNUSI huonekana usoni, lakini dawa zinazotumiwa kuziponya hazifanyi kazi usoni pekee. Baadhi yake hupitia kwenye ini na kubadilisha kiasi cha mafuta yaliyomo katika damu. Nyingine huzuia au kuongeza homoni ambazo mwili hutegemea kuendesha hedhi, uzazi na hata kiwango cha chumvi mwilini.

Hata hivyo, katika miji na vituo vingi vya biashara nchini Kenya, dawa hizo hununuliwa kwa mtindo ule ule wa kununua sabuni. Mara nyingi kijana humwonyesha muuzaji uso wake, hulipa, kisha huondoka na tembe au tyubu bila kuulizwa iwapo ana ugonjwa wa ini, iwapo ana mimba au anatumia dawa gani nyingine.

Hapo ndipo penye tatizo. Nyingi ya dawa hizi zimechunguzwa kwa miongo kadhaa na madhara yake yanajulikana vyema. Hatari kubwa hutokea pale zinapochukuliwa kuwa vipodozi, ilhali ni dawa kamili zinazohitaji daktari, maswali na, kwa baadhi yake, vipimo vya damu.

Suala lenyewe si dogo. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Kwa wengi hutoweka zenyewe. Kwa wengine huacha makovu na, hasa kwa wenye ngozi nyeusi, madoa yanayodumu kwa miezi mingi baada ya vipele kupona.

Ni madoa hayo, pamoja na dhihaka za wenzao, yanayowasukuma vijana kutafuta tiba ya haraka. Haki yao ya kutibiwa haina ubishi, kwani chunusi ni ugonjwa wa ngozi wala si dalili ya uchafu kama wanavyodhani baadhi ya wazazi na walimu. Swali ni iwapo tiba wanayoipata inatolewa kwa uangalifu unaostahili.

Chanzo kimo ndani ya mwili

Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapobaleghe, homoni ziitwazo androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote huwa nazo, huzifanya tezi hizo kukua na kutoa mafuta mengi kuliko awali.

Mafuta hayo yanapochanganyika na seli zilizokufa, huziba vitundu vya ngozi. Bakteria wanaoishi humo huongezeka, ngozi huvimba na vipele vyenye usaha hutokeza.

Androjeni hazifanyi kazi hiyo peke yake. Insulini, ambayo ni homoni inayodhibiti sukari mwilini, pamoja na homoni nyingine inayofanana nayo na ambayo huchochea ukuaji, huzidisha utoaji wa mafuta hayo. Kwa sababu hiyo, lishe imerejea katika mjadala wa chunusi baada ya kupuuzwa kwa muda mrefu.

Mnamo 2002, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wakazi wa kisiwa cha Kitava nchini Papua New Guinea na jamii ya Aché ya nchini Paraguay, ambao chakula chao kilikuwa na sukari na unga uliokobolewa kwa kiasi kidogo mno. Miongoni mwa watu 1,200 wa Kitava na 115 wa Aché waliochunguzwa, hakupatikana hata mmoja mwenye chunusi.

Urithi wa kizazi huenda ulichangia, lakini mwaka wa 2007 jaribio dogo lililofanywa nchini Australia kwa vijana 43 wa kiume lilitoa ushahidi zaidi. Waliopewa chakula kisichopandisha sukari ya damu kwa haraka walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao waliokula kama kawaida.

Kwa ufupi, chunusi ni zao la homoni na la umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu na kuhifadhi sukari na mafuta. Si ajabu basi kwamba dawa zenye nguvu zaidi dhidi yake huingilia mambo hayo hayo.

Ni muhimu kusisitiza kwamba si dawa zote zilizo hivyo. Zile za kupaka ambazo madaktari huanza nazo, kama vile benzoili peroksaidi na adapaleni, hubaki zaidi kwenye ngozi na ni kiasi kidogo sana kinachoingia katika damu. Huwasha na kukausha ngozi, lakini haziyumbishi homoni.

Antibiotiki kama vile doksisaiklini nazo haziendi kwenye homoni. Tatizo lake ni jingine. Zikimezwa kwa muda mrefu huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu, ndiyo maana miongozo ya tiba huhimiza zitumiwe kwa takriban miezi mitatu au minne pekee, tena pamoja na dawa ya kupaka.

Nguvu ya isotretinoini

Dawa inayozua mjadala mkubwa zaidi ni isotretinoini, ambayo ina uhusiano wa karibu na vitamini A. Iliidhinishwa nchini Marekani mnamo 1982 ikiuzwa na kampuni ya Roche kwa jina la Accutane. Roche iliacha kuuza Accutane nchini humo mwaka wa 2009, lakini dawa yenyewe inaendelea kutengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa majina mengi duniani.

Uwezo wake ni mkubwa. Hupunguza mafuta ya ngozi kwa kiasi kinachoweza kufikia asilimia 90, na wagonjwa wengi waliokuwa na chunusi kali hupona baada ya kuitumia kwa miezi michache. Kwa mtu ambaye uso wake umeanza kujaa makovu, hakuna tembe nyingine inayokaribia kuifikia.

Kipimo chake hutegemea uzani wa mgonjwa. Kwa kawaida ni kati ya nusu miligramu na miligramu moja kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 hupewa kati ya miligramu 30 na 60, na hushauriwa aimeze pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uweze kuifyonza.

Mabadiliko ya umetaboli huanzia hapo. Dawa hii hulifanya ini kutoa mafuta mengi zaidi kwenye damu, huku uwezo wa mwili wa kuyaondoa ukipungua. Mafuta hayo, yaitwayo trigliseridi, hupanda. Kolesteroli mbaya nayo huongezeka kwa baadhi ya wagonjwa, na ile nzuri hupungua.

Utafiti uliochapishwa mnamo 2006 kutoka jimbo la California ulichunguza rekodi za wagonjwa 13,772 wa chunusi. Trigliseridi zilipanda kupita kiwango cha kawaida kwa asilimia 44 ya waliotumia dawa hiyo, kolesteroli kwa asilimia 31, na vimeng'enya vinavyoashiria usumbufu wa ini kwa asilimia 11.

Takwimu hizo hazina budi kusomwa kwa makini. Kwa walio wengi, mabadiliko hayo yalikuwa madogo na hali ilirejea kuwa ya kawaida dawa ilipokwisha. Kijana mwenye afya hawezi kupata ugonjwa wa moyo kwa sababu ya miezi michache ya trigliseridi zilizopanda kidogo.

Lakini si kila anayemeza dawa hii ni kijana mwenye afya. Trigliseridi zikipanda mno zinaweza kuwasha uvimbe wa kongosho, hali adimu lakini inayoweza kuua. Walio katika hatari zaidi ni watu wanene kupita kiasi, wenye kisukari, wanywaji wa pombe na wale ambao mafuta ya damu hupanda katika ukoo wao.

Vivyo hivyo kwa ini. Mtu anayeishi na homa ya ini aina ya B bila kujua, au anayekunywa pombe kila wikendi, huliongezea mzigo ini ambalo tayari limechoka. Hilo haliwezi kuonekana kwa kutazama uso wake kwenye kaunta ya duka la dawa.

Kuhusu sukari, maelezo rasmi yanayoambatana na dawa hii hutaja kwamba baadhi ya wagonjwa wamepata kupanda kwa sukari ya damu, na kwamba wapo waliogunduliwa kuwa na kisukari wakiwa katika tiba. Hata ikiwa dawa yenyewe si chanzo, ni wazi kwamba mwenye kisukari anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Je, isotretinoini hugusa homoni? Haikuundwa kwa lengo hilo. Hata hivyo, watafiti nchini Uturuki waliopima damu ya wagonjwa kabla na baada ya miezi kadhaa ya tiba wameripoti kushuka kwa baadhi ya homoni, zikiwemo zinazotolewa na tezi iliyo chini ya ubongo. Mabadiliko hayo yalikuwa madogo, na hayajafanya mamlaka za dawa kudai vipimo vya homoni kwa kila mgonjwa.

Kwa vijana ambao bado wanakua, kuna tahadhari nyingine. Vipimo vikubwa vikitumiwa kwa muda mrefu vimehusishwa, kwa nadra, na kufungika mapema kwa ncha za mifupa inayorefuka. Hii ni sababu ya kutompa mtoto wa miaka 12 au 13 dawa hii bila daktari.

Aidha, kuna michanganyiko ambayo haifai kabisa. Anayemeza isotretinoini hapaswi kumeza vidonge vya vitamini A, kwani ni sawa na kuongeza dozi. Wala hapaswi kuitumia pamoja na doksisaiklini na antibiotiki nyingine za jamii hiyo, kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu la kichwa linaweza kupanda.

Tishio kwa mimba

Madhara yote hayo ni hafifu yakilinganishwa na yale yanayompata mtoto aliye tumboni. Isotretinoini huvuruga uundaji wa ubongo, moyo, uso na masikio ya kijusi. Hata dozi chache katika wiki za mwanzo za mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, zinatosha kuleta ulemavu.

Ndiyo maana mwanamke hutakiwa kupimwa mimba kabla ya kuanza, kujikinga katika kipindi chote cha tiba, na kusubiri angalau mwezi mmoja baada ya dozi ya mwisho kabla ya kushika mimba.

Marekani ilifikia hatua ya kuanzisha mpango maalumu uitwao iPLEDGE mnamo 2006. Chini yake, daktari, mfamasia na mgonjwa wote husajiliwa, na mwanamke anayeweza kushika mimba hatakiwi kupewa dawa kabla ya matokeo ya kipimo kuthibitisha kwamba hana mimba.

Hata kwa masharti hayo, mimba ziliendelea kutokea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa kati ya 1997 na 2017, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokea ripoti 6,740 za mimba miongoni mwa wanawake waliokuwa wakitumia isotretinoini. Mwaka uliokuwa na ripoti nyingi zaidi ulikuwa 2006, ambapo zilifika 768.

Uingereza nayo ilikaza kanuni zake mnamo Oktoba 2023. Tangu wakati huo, mgonjwa aliye chini ya umri wa miaka 18 hawezi kuanzishiwa dawa hii hadi wataalamu wawili wakubaliane kwamba hakuna tiba nyingine inayofaa. Wagonjwa pia huelezwa kuhusu uwezekano wa madhara ya akili na ya nguvu za kijinsia.

Ikiwa nchi zenye mifumo ya namna hiyo bado zinapata mimba zisizotarajiwa, hali ya Kenya inastahili kufikiriwa kwa uzito. Hapa ulinzi hutegemea zaidi agizo la daktari na uangalifu wa aliye kwenye kaunta. Mmoja wao akikosekana, hakuna mwingine wa kuziba pengo.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 15 ya wasichana wenye umri wa kati ya miaka 15 na 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Huo ndio umri ambao chunusi hushamiri. Msichana wa umri huo akinunuliwa tembe na rafiki, au akiziagiza kupitia mitandao ya kijamii, hakuna atakayemuuliza swali lililo muhimu kuliko yote.

Hata anayejikinga anaweza kukosea. Dawa ya rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi. Mwanamke anayetumia zote mbili pamoja na isotretinoini anaweza kuamini kwamba yuko salama ilhali sivyo.

Kuchezea homoni kwa makusudi

Kundi la pili la dawa hukusudia homoni moja kwa moja. Tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni hupunguza androjeni zinazotolewa na ovari. Vilevile hulifanya ini kutoa kwa wingi protini inayoikamata testosteroni katika damu, hivi kwamba kiasi kidogo tu hubaki huru kuzifikia tezi za mafuta ya ngozi.

Manufaa yake huonekana baada ya miezi mitatu au zaidi. Hatari yake kuu ni kuganda kwa damu kwenye mishipa, hasa kwa wanaovuta sigara wakiwa na zaidi ya miaka 35, wenye shinikizo la damu na wale ambao wamewahi kupata tatizo hilo.

Kisa cha tembe iitwayo Diane-35 nchini Ufaransa kinatoa funzo. Ilikuwa imeidhinishwa huko kutibu chunusi, lakini madaktari wengi waliiandika kama njia ya kawaida ya kupanga uzazi. Mwanzoni mwa 2013, mamlaka ya nchi hiyo ilitangaza kuisimamisha baada ya kuihusisha na vifo vinne vilivyotokana na kuganda kwa damu katika kipindi cha miaka 25.

Mwaka huo huo, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipitia ushahidi na kuamua kwamba manufaa ya tembe hiyo yanazidi hatari zake, mradi itumiwe tu kwa wanawake ambao tiba nyingine za chunusi zimeshindwa. Ilirejea madukani nchini Ufaransa mnamo Januari 2014. Kilichobadilishwa ni kanuni za nani aipewe na kwa sababu gani.

Dawa nyingine ni spironolaktoni. Ilianza kama dawa ya kuongeza mkojo na kupunguza shinikizo la damu, kisha ikagunduliwa kuwa huziba njia ambazo androjeni hutumia kuziamrisha tezi za ngozi. Jaribio lililohusisha wanawake 410 nchini Uingereza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mnamo 2023, lilionyesha kuwa hupunguza chunusi, nafuu ikidhihirika zaidi baada ya wiki 24.

Kwa kuwa huzuia androjeni, inaweza kuvuruga hedhi na kuyafanya matiti kuuma. Mwanamume akiitumia anaweza kuota matiti, na mjamzito anaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume. Pia huufanya mwili kubakisha madini ya potasiamu, jambo la hatari kwa wenye figo dhaifu.

Hapa pia kipimo cha hofu kinahitajika. Watafiti wa Marekani waliopitia vipimo 1,802 vya potasiamu vya wanawake vijana waliokuwa wakitumia dawa hiyo kwa ajili ya chunusi walipata 13 pekee vilivyozidi kiwango, kama walivyoripoti mwaka wa 2015. Kwa msichana asiye na ugonjwa wa figo wala moyo, hatari hiyo ni ndogo mno.

Hata dawa ya kupaka yaweza kufika mbali. Klaskoteroni, iliyoidhinishwa nchini Marekani mnamo 2020, huzuia androjeni kwenye ngozi. Ilipojaribiwa kwa kupakwa kwa wingi, wagonjwa watatu kati ya 42 walionyesha dalili za kudhoofika kwa tezi zilizo juu ya figo, ingawa hali hiyo iliisha walipoacha.

Kuna upande mwingine wa suala hili unaowahusu Wakenya moja kwa moja. Sindano na vipandikizi ni miongoni mwa njia za kupanga uzazi zinazotumika zaidi nchini. Njia hizo hutumia homoni ya jamii ya projesteroni peke yake, na kwa baadhi ya wanawake huleta chunusi au kuzizidisha.

Mwanamke wa aina hiyo asipoulizwa historia yake, huenda akarundikiwa dawa moja juu ya nyingine ilhali chanzo kiko mkononi mwake, pale kipandikizi kilipo. Jambo la kwanza lingekuwa kurejea kliniki na kujadili njia mbadala.

Isitoshe, chunusi zinazoendelea baada ya ujana, zikiandamana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kwenye kidevu, huweza kuwa dalili ya tatizo la ovari ambalo huvuruga pia kazi ya insulini. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kuwa zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa wana tatizo hilo, na wengi wao hawajui.

Dawa ikinunuliwa kiholela, uso hung'aa na dalili hufichika, huku kisukari na ugumba vikinyemelea. Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Steroidi zilizofichwa

Dawa zilizotajwa kufikia hapa angalau zina majina na maelezo. Hatari isiyo na jina ni krimu zenye steroidi kali, kama vile klobetasoli na betamethasoni, zinazouzwa kwa madai ya kuondoa chunusi na madoa kwa siku chache.

Ahadi hiyo hutimia mwanzoni, na hapo ndipo mtego ulipo. Steroidi huzima uvimbe na wekundu haraka, hivi kwamba mtumiaji huamini amepata tiba. Baada ya wiki kadhaa, ngozi huwa nyembamba, mishipa huanza kuonekana na chunusi mpya za aina nyingine hutokea. Akiacha, uso huwaka kama uliochomwa. Akiendelea, hali huzidi kuwa mbaya.

Steroidi hizi hufanana na kotisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea katika tezi zilizo juu ya figo. Zikipakwa sehemu kubwa ya mwili kwa miezi, huingia katika damu na tezi hizo hulegea kwa kudhani kazi yao imekwisha kufanywa.

Matokeo yake ni kupanda kwa sukari na shinikizo la damu, kunenepa kwa uso na tumbo, na udhaifu wa mifupa. Anayeacha ghafla anaweza kuzirai kwa kukosa kotisoli, hasa akiugua au akifanyiwa upasuaji.

Kwa mujibu wa sheria za Kenya, dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu chini ya sura ya 244, nao ubora wa vipodozi hufuatiliwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Mkorogo wa kujitengenezea hupenya kati ya hao wawili. Hauna lebo wala jina la mtengenezaji, na daktari anayempokea mgonjwa hana namna ya kujua alichopaka.

Rwanda ilijaribu njia ya msako. Mwishoni mwa 2018, baada ya Rais Paul Kagame kulizungumzia suala hilo hadharani, polisi walizunguka madukani wakinasa krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku. Msako wa aina hiyo huondoa bidhaa kwenye rafu, lakini haumwondolei kijana kipele kilichompeleka dukani. Asipopata tiba halali, atarudi kuitafuta ile ya siri.

Ulinzi usio ghali

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni gharama. Madaktari wa ngozi ni wachache, wengi wao wako katika miji mikubwa, na vipimo vya kila mwezi ni mzigo kwa familia ya kawaida.

Hata hivyo, ushahidi wa miaka ya karibuni unapunguza uzito wa hoja hiyo. Mnamo 2022, jopo la wataalamu wa ngozi lilikubaliana kwamba kwa mgonjwa mwenye afya anayetumia isotretinoini, inatosha kupima ini na trigliseridi kabla ya kuanza na tena dozi inapofikia kilele. Vipimo vya kila mwezi, walisema, si lazima.

Ni vipimo vinavyoweza kufanywa katika maabara nyingi za miji ya kaunti. Kipimo cha mimba ni rahisi zaidi. Maswali ya mfamasia kuhusu pombe, homa ya ini, kifua kikuu, figo na mpango wa uzazi hayagharimu chochote ila dakika chache.

Afisa wa kliniki aliyefundishwa vyema anaweza kuwatibu wengi wenye chunusi za kawaida kwa dawa za kupaka, na kuwatuma kwa mtaalamu wale tu wenye chunusi kali au dalili za hitilafu ya homoni. Hilo lingewapa vijana mahali halali pa kwenda kabla ya kukimbilia mkorogo.

Wananchi nao wana wajibu. Bodi ya Dawa na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu wa afya na umma. Kijana aliyeharibika uso kwa krimu isiyo na lebo akinyamaza kwa aibu, muuzaji huendelea kuwauzia wengine. Mficha uchi hazai.

Wazazi kwa upande wao wanapaswa kuepuka mambo mawili: kuwakejeli watoto kwa chunusi zao, na kuwazuilia dawa halali kwa hofu ya uvumi. Chunusi kali zisizotibiwa huacha makovu ya kudumu, na isotretinoini ikitolewa na daktari kwa mtu anayeifaa ni miongoni mwa tiba zilizofaulu zaidi katika elimu ya ngozi.

Mjadala kwa hivyo haupaswi kuwa iwapo dawa za chunusi ni nzuri au mbaya. Unapaswa kuwa kuhusu kaunta zinakouzwa, na iwapo aliye nyuma yake atauliza kwanza au atapokea pesa kwanza. Mpaka jambo hilo litakaposimamiwa kwa dhati, vijana wataendelea kumeza na kupaka dawa wasizozijua, na ini, kongosho na kizazi ndivyo vitakavyolipa gharama.